Gobore la marehemu baba na kaka aliyeko Texas

"Shikamoo mwanasheria. Mimi ni mkazi wa Sikonge, mkoani Tabora. Baba yetu, aliyekuwa mrina asali, alifariki mwezi wa nne. Tulipokuwa tukikarabati jiko lake tulikuta gobore limefichwa darini, limeviringishwa kwenye kiroba, pamoja na pembe ya baruti, kikopo cha goroli na karatasi iliyoliwa na mchwa. Muhuri wake unaonekana lakini mwaka hausomeki. Kaka yangu anaishi Texas mwaka wa kumi na mbili sasa, na ana ukaazi wa kudumu. Nilipompigia alisema nisithubutu kulipeleka polisi, kwamba ni urithi wetu, na kwamba huko aliko ana bunduki tatu nyumbani na gobore kama la baba halihitaji hata kibali. Baba mdogo anasema tulitupe mtoni usiku. Mama, ambaye ni Muha wa Kibondo, hataki kusikia neno bunduki, na tangu siku hiyo haongei na kaka. Nani yuko sahihi? Inakuwaje kitu kilekile kiwe haki kule na kosa hapa? Je, kaka yetu ameharibika? Na mimi nifanye nini, maana kwa sasa liko chini ya kitanda changu? Ningependa pia kujua kama kuna chochote katika vile vitu vya baba ninachoweza kubaki nacho."

Marahaba, na poleni sana kwa kufiwa na mzee. Barua yako inauliza sheria, lakini ndani yake kuna mama na mwana waliogombana kwa simu wakati wa msiba, na hilo nalo linahitaji jibu. Nitafika huko. Nianze na lililo chini ya kitanda, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri hadi kesho na hilo haliwezi.

Lihesabu gobore hilo kuwa limeshindiliwa, hata kama kila mtu hapo nyumbani anaapa kwamba mzee aliacha kuwinda siku nyingi. Gobore hujazwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti humiminwa, hufuatiwa na kitambaa au nyuzi za gome, hushindiliwa kwa mdeki, kisha goroli, kisha kizibo kingine, na mwishoni fataki huwekwa kwenye chuchu ili nyundo iigonge. Kulijaza ni kazi ndogo, lakini kulitoa lililokwisha jazwa ni kazi ambayo wawindaji wengi huikwepa, kwa hiyo bunduki iliyorudi kutoka porini bila kupigwa mara nyingi huning'inizwa vilevile na shehena yake ndani. Baruti nyeusi nayo haiozi kama watu wanavyodhani. Ikipata unyevu hulala, na ikikauka darini juu ya moshi wa jiko huamka. Usichungulie mtutu, usiingize kijiti, usijaribu kulisafisha, na usilihamishe tena. Watoto walale chumba kingine, mlango ufungwe, na ufunguo ukae kwako. Ile pembe ya baruti isiwe popote karibu na jiko, kibatari au sigara, kwa sababu kwa nyumba yenye watoto naiogopa kuliko hata gobore lenyewe.

Sasa sheria ya hapa kwetu. Wapo wengi, hasa katika vijiji vya misitu ya Tabora na Kigoma, wanaoamini kwa dhati kwamba gobore si bunduki, kwa kuwa limetengenezwa na mhunzi, halina namba ya kiwandani, na babu alikuwa nalo tangu kabla ya Uhuru. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haina mwanya huo. Gobore ni silaha ya moto kama silaha nyingine, na anayekaa nalo bila kibali ametenda kosa. Kibali hutolewa kwa mtu, naye akifa, kibali hakiendi kwa mwanawe kama liendavyo shamba au mizinga ya nyuki. Karatasi ile iliyoliwa na mchwa ina faida kubwa ya kueleza silaha ilikotoka, na kwa sababu hiyo usiitupe, lakini haikupi wewe ruhusa hata ya usiku mmoja.

Uzito wa jambo hili watu wengi hawaujui. Kukutwa na silaha bila kibali hushtakiwa kwa kuunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi, na wapo Watanzania waliohukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa gobore moja. Miaka kadhaa iliyopita nilimtetea mzee mmoja mahakamani hapa Tabora. Kielelezo kililetwa kimefungwa kwa kamba ya katani, kadi ya namba ikining'inia kwenye kitako. Mzee alipoulizwa kama anakitambua, alinyanyuka taratibu na, kabla sijamgusa bega, akajibu kwa fahari kwamba ndiyo, kilikuwa cha babu yake, na hakijawahi kukosa nguruwe. Alidhani anakisifia chombo, na huku karani akiandika kukiri kosa. Tangu siku ile kila anayeniuliza habari za gobore la urithi humjibu siku hiyohiyo.

Haya yasikufanye uamini kinyume chake, kwamba raia wa Tanzania amekatazwa kabisa kumiliki silaha. Anaruhusiwa akiwa na sababu inayokubalika, tabia njema na mahali salama pa kuitunza, na maombi huanzia katika ngazi ya kijiji au mtaa, mbele ya watu wanaomjua, kabla ya kupanda juu. Inabaki ruhusa ambayo dola inaitoa na inaweza kuichukua. Tofauti na kule aliko kaka yako inaanzia papo hapo.

Kaka yako hakukudanganya. Amesema kweli ya Texas na kuituma Sikonge, ambako si kweli. Katiba ya Marekani, katika rekebisho lake la pili lililoidhinishwa mwaka 1791, inataja haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba, katika sentensi moja iliyoanza kwa kutaja umuhimu wa wanamgambo waliopangwa vizuri. Kwa zaidi ya miaka 200 Wamarekani walibishana kama haki hiyo ni ya wanamgambo au ya kila mtu nyumbani kwake, na ni mwaka 2008 tu ndipo Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri la District of Columbia dhidi ya Heller, ilipotamka wazi kwamba ni ya mtu binafsi. Huko Texas, tangu Septemba 2021, mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi ambaye sheria haijamzuia anaweza kutembea na bastola bila kibali maalumu. Na kuhusu gobore, amekushinda kwa jambo ambalo hata mawakili wengi wa huku hawalijui: sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 imeziweka kando silaha zilizotengenezwa hadi mwaka 1898, pamoja na nyingi za zile zinazojazwa kwa mdomo wa mtutu kwa baruti nyeusi. Kwa sheria hiyo gobore la mzee lingehesabiwa karibu sawa na saa ya ukutani ya mkoloni. Ndiyo maana alikujibu kwa uhakika namna ile.

Ila na yeye ana ya kusahihishwa. Hadithi kwamba Marekani kila mtu ana bunduki si ya kweli. Utafiti wa Small Arms Survey wa Geneva, uliotolewa mwaka 2018, ulikadiria kwamba raia wa Marekani walikuwa na bunduki milioni 393, yaani zaidi ya 120 kwa kila watu 100, karibu nusu ya bunduki zote milioni 857 zilizokuwa mikononi mwa raia duniani. Takwimu hizo ukizisoma haraka utadhani kila mtoto mchanga anazaliwa na ya kwake. Lakini utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja tu ya watu wazima ndio wanaosema wana bunduki, na wengi wao wana zaidi ya moja, kama kaka yako. Theluthi mbili zilizobaki hawana, na wengi kati yao wanaziona bunduki kama mama yako anavyoziona. Massachusetts na New Jersey hazifanani na Texas hata kidogo. Mahakama iliyotoa uamuzi wa 2008, mwaka 2024, katika shauri la Rahimi, ilikubali kwamba mtu ambaye mahakama imemwona kuwa tishio kwa mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Kwa hiyo hata kule haki hiyo ina uzio, na ugomvi wa mahali pa kuujenga uzio huo haujaisha.

Sasa nije kwenye swali lako zito: inakuwaje kitu kilekile kiwe haki kule na kosa hapa?

Sehemu ya kwanza ya jibu ni kisa ambacho kila nchi inajisimulia kuhusu kuzaliwa kwake. Mtoto wa Marekani anafundishwa kwamba mwezi Aprili 1775 askari wa mfalme wa Uingereza walitoka Boston kwenda Concord kukamata baruti na silaha za wakulima, wakulima wakachukua bunduki zao majumbani, na taifa likapatikana. Bunduki ya nyumbani imo katika ukurasa wa kwanza wa kitabu chao. Sisi hapa Tabora tulikuwa na bunduki nyingi katika karne hiyo iliyofuata, nyingi kuliko vijana wa leo wanavyodhani. Mirambo, hadi kifo chake mwaka 1884, aliitikisa njia nzima ya misafara akiwa na rugaruga, yaani wapiganaji wake, wenye bunduki zilizonunuliwa kwa pembe za ndovu. Lakini kisa chetu hakikuishia kwa wenye bunduki kushinda. Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome ya Isike wa Unyanyembe, mtemi huyo aliingia katika ghala lake la baruti na kulilipua akiwa ndani, asishikwe hai. Miaka mitatu kabla yake, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umezuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Yaani mkoloni alijibakizia bunduki nzuri na kumwachia mwenyeji ile ya kizamani. Gobore la baba yako ni mjukuu wa uamuzi huo.

Kisha Uhuru ukaja mwaka 1961 bila risasi, na Januari 1964, askari walipoasi Dar es Salaam na kikosi cha hapa Tabora nacho kikaasi, tukaona kwa macho yetu jinsi nchi changa inavyoweza kuyumbishwa na wachache wenye funguo za ghala la silaha. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka uleule likaundwa jeshi jipya. Kwa hiyo Mtanzania wa kawaida, ukimwuliza bunduki ni ya nani, atakujibu bila kufikiri kwamba ni ya serikali. Hajafundishwa jibu hilo darasani, amelirithi tu, kama Mmarekani alivyorithi la kwake. Na Wamarekani wenyewe hubadilika kulingana na nani ameshika: mwaka 1967, wanachama wa Black Panther, chama cha kutetea haki za watu weusi, walipoanza kutembea na bunduki hadharani California, bunge la jimbo hilo lilipitisha haraka sheria ya kukataza, na gavana Ronald Reagan, mtu wa chama ambacho leo kinaitetea bunduki kwa nguvu zote, akaitia saini.

Sehemu ya pili, na mimi naiona ndiyo kubwa, ni hii: ukipiga yowe usiku, unategemea nani aje?

Hapa tuna mfano wa kwetu ambao nashangaa hautajwi zaidi. Mwaka 1979 utawala wa Idi Amin ulianguka katika vita vya Kagera. Kaskazini mashariki mwa Uganda, wafugaji wa Karamoja waliingia katika kambi ya jeshi ya Moroto iliyoachwa wazi wakajichotea bunduki, na kuanzia hapo wizi wa ng'ombe ukageuka vita. Serikali ya Uganda ilipoanza kuwanyang'anya silaha hizo mwaka 2001 na tena kwa nguvu mwaka 2006, jamii iliyotangulia kusalimisha ilivamiwa na jirani ambayo bado haijasalimisha. Mfugaji wa kule haoni bunduki kama haki wala kosa. Anaiona kama uzio wa boma, na hakuna anayebomoa uzio wake akiwa wa kwanza. Katika vita hivyohivyo vya Kagera, bunduki zilivuja pia kuja upande wetu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Unyamwezi na Usukuma wakawa wanaibiwa ng'ombe kwa mtutu. Watu wa Nzega na Kahama hawakuzifuata bunduki. Waliunda sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe ulioitwa pia Basalama, kwa mishale, filimbi na kiapo: mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukilia, kila mwanamume mwenye miguu anatoka, na asiyetoka anajieleza kesho yake. Serikali ililitazama jambo hilo kwa jicho la shaka, kisha ikalipa nafasi katika sheria ya mgambo mwaka 1989. Sisemi walikuwa malaika. Walipiga watu, na vikongwe walituhumiwa uchawi wakateseka mikononi mwao. Lakini swali la usalama lilijibiwa kwa wingi wa watu, na kijiji kinachojibu hivyo hakioni haja ya kila nyumba kuwa na bunduki.

Kaka yako anaishi mahali ambapo jirani hasikii mwano. Nyumba ziko mbalimbali, polisi wanakuja kwa gari baada ya kupigiwa simu, na utafiti uleule wa Pew ulionyesha kuwa Wamarekani 72 kati ya kila 100 wenye bunduki wanataja kujilinda kuwa sababu kubwa. Mama yako naye ni wa Kibondo. Tangu vita vya Burundi vilipoanza mwaka 1993, mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi kwa mamia ya maelfu, watu wema waliokimbia bunduki, na nyuma yao bunduki chache zikavuka mpaka pamoja na watu wabaya wachache. Ipo miaka ambayo basi la Kibondo halikuthubutu kupita msituni bila askari. Aliyewahi kuketi katika basi lile, mizigo magotini, akimtazama askari mlangoni na kujiuliza kama anatosha, hasikii neno "urithi" ukimtajia bunduki. Wote wawili wanaogopa kitu kimoja, ila mmoja ana chombo kabatini na mwenzake alielekezewa mdomo wa chombo hicho.

Usije ukahitimisha kwamba wingi wa bunduki peke yake ndio unaoleta mauaji, wala kwamba hauna uhusiano. Waswisi wana bunduki takriban 28 kwa kila watu 100, nyingi kwa viwango vya Ulaya, na askari wao wa akiba huenda nazo nyumbani. Mwaka 2011 walipigia kura pendekezo la kuzirudisha ghalani wakalikataa, na mwaka 2019 wakakubali, kwa karibu asilimia 64, kukaza masharti. Lakini risasi za jeshi zilizokuwa zikikaa majumbani zilianza kukusanywa kwa uamuzi wa mwaka 2007, jambo ambalo wanaowasifu Waswisi kwenye mitandao hawalitaji. Kijana wetu anayemaliza JKT pale Msange ameifungua na kuifunga bunduki mara nyingi kama Mswisi, ila jioni anaihesabisha na kuirudisha, naye haoni kama amepungukiwa. Japani wako upande mwingine kabisa. Anayetaka bunduki ya kuwindia anasoma darasani, anafanya mtihani wa maandishi na wa kulenga shabaha, anapimwa na daktari, na polisi wanawauliza jamaa na majirani kuhusu mwenendo wake. Matokeo yake ni bunduki chini ya moja kwa kila watu 100, na vifo vichache mno. Hata hivyo Julai 2022 waziri mkuu wa zamani, Shinzo Abe, aliuawa mjini Nara kwa bunduki ambayo mtu alijitengenezea nyumbani kwa mabomba ya chuma. Kwa lugha yetu, aliuawa kwa gobore.

Uingereza na Australia zilibadilika ghafla, kila moja baada ya siku moja mbaya ya mwaka 1996: Dunblane, walipouawa watoto 16 na mwalimu wao shuleni, na Port Arthur, walipouawa watu 35. Waingereza walizipiga marufuku bastola mwaka uliofuata. Waaustralia walinunua na kuharibu bunduki zipatazo 650,000, na kwao kujilinda hakukubaliki kuwa sababu ya kuomba kibali. Misiba kama hiyo imetokea Marekani mara nyingi bila kuzaa mabadiliko ya namna hiyo, kwa sababu kule bunduki imeandikwa katika Katiba, na kwa watu wengi imo pia katika picha ya jinsi mtu mzima anavyopaswa kuwa.

Kuna jambo moja ambalo huwaambia wateja wangu wote, wenye vibali na wasio navyo, na ningependa umfikishie na kaka yako kwa upole. Watu hudhani hatari ya bunduki ya nyumbani ni mwizi kuinyakua. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa risasi, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Dakika ya giza humjia mtu na kupita, na waliowahi kuokolewa katika dakika hiyo wengi wao huishi. Bunduki haimpi mtu muda wa giza kupita. Nyumba yenye msiba, yenye kijana asiye na kazi au mtu anayekunywa kupita kiasi, si mahali pa kuweka silaha, liwe gobore au bastola mpya, na hili halitegemei sheria ya nchi yoyote. Nawe uwatazame watu wa nyumbani kwako katika miezi hii. Ukimwona mmoja amejitenga, halali, au anazungumza kama mtu anayeaga, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali ya wilaya siku hiyohiyo.

Kaka yako, basi, hajaharibika. Amekaa miaka kumi na miwili katika nchi yenye kisa chake na hofu zake, akajifunza kuishi humo, na akiwa na ukaazi wa kudumu sheria ya kule inamruhusu kuwa na bunduki hizo. Kosa lake ni kuagiza kutoka mbali jambo ambalo gharama yake italipwa na wewe. Mpigie, mwambie hivyo wazi, na umwombe aongee na mama kuhusu basi la Kibondo kabla ya kuongea naye kuhusu Katiba ya Marekani. Nadhani hajawahi kumwuliza.

Kuhusu njia ya kutoka hapo ulipo, la baba mdogo usilisikilize. Gobore lililotupwa mtoni huopolewa na mvuvi au mtoto, na likipatikana kijijini kwenu mtaulizwa ninyi, safari hii mkiwa mmeficha. Kuliuza au kumpa rafiki wa mzee ni kosa jipya juu ya lile la kwanza. Njia iliyobaki ni kulisalimisha, na namna ya kulisalimisha ina uzito sawa na uamuzi wenyewe. Usilibebe kwenye bodaboda kwenda kituoni, kwa sababu ukisimamishwa njiani utakuwa mtu aliyekutwa na silaha, na maelezo yako yatasikilizwa baadaye ukiwa ndani. Lilale palepale lilipo. Kesho asubuhi nenda wewe mwenyewe, mikono mitupu, pamoja na mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kata, na kama mna kiongozi wa dini mnayemwamini mwombe awasindikize, mkamweleze mkaguzi wa polisi wa kata kwamba baada ya kifo cha mzee mmekuta silaha na mnaomba ije ichukuliwe. Beba ile karatasi ya muhuri na cheti cha kifo. Eleza ni lini na nani aliikuta, na usiongeze wala kupunguza. Omba hati ya makabidhiano yenye sahihi, tarehe na orodha ya vitu vyote, goroli na baruti zikiwemo, na nakala yake ibaki kwa mwenyekiti.

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na serikali yetu imekuwa ikitangaza vipindi hivyo, kama Septemba na Oktoba 2023, ambapo aliyesalimisha hakushtakiwa. Kama kipindi kimetangazwa wakati unaposoma haya, kitumie. Kama hakijatangazwa, sikushauri usubiri, maana miezi ya kusubiri ndiyo inayogeuza "tumekuta" kuwa "tulikuwa nalo". Katika hali hiyo muone wakili ana kwa ana kabla ya kwenda polisi, au ufike katika ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe, ili mtu anayeijua sheria awe pamoja nawe pale maelezo yanapoandikwa. Ukiwa peke yako na umehojiwa, usitie saini maelezo ambayo hujasomewa yakaisha.

Umeniuliza mwishoni kama kuna kitu cha mzee unachoweza kubaki nacho. Gobore sikupi matumaini nalo: kibali kipya kwa silaha iliyotengenezwa kienyeji na isiyo na namba sijawahi kukiona kikitolewa. Baruti na goroli zitaenda pamoja nalo. Pembe yenyewe, ikishamwagwa na kusafishwa na polisi, ni pembe tu, nawe waweza kuomba irudishwe; andika ombi hilo katika hati ileile ya makabidhiano, maana likisemwa kwa mdomo halitakumbukwa. Na mizinga yake huko porini, hiyo ni yenu bila kumwomba mtu. Nendeni mkaihesabu kabla msimu wa kurina haujafika, kwa kuwa mizinga isiyo na mwenyewe hupata mwenyewe haraka.